Tarehe 9 Desemba si ya Uhuru peke yake

  

Leo nawaletea historia kidogo. Mtoto wa kaka yangu, yule wa darasa la sita, alinitumia ujumbe akaniuliza: "Shangazi, hivi huko kwa Waingereza siku ya Uhuru wetu wanaikumbuka?" Jibu ni fupi, hawaikumbuki. Tarehe 9 Desemba hapa ni siku ya kununua zawadi za Krismasi na kulalamikia treni. Lakini swali lake lilinifanya nianze kuichimba tarehe yenyewe, na kadiri nilivyochimba ndivyo nilivyoona kuwa siku hii imebeba mambo mazito ambayo shuleni hatukuwahi kuwekewa pamoja. Na kwa vile mimi ni nesi, macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye yale yenye harufu ya hospitali. Basi mnivumilie.

Tuanze na kwetu, maana nyumbani ni nyumbani. Usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi tarehe 9 Desemba 1961, saa sita usiku, pale Uwanja wa Taifa Dar es Salaam (ule ambao siku hizi ni Uwanja wa Uhuru) bendera ya Mwingereza iliteremshwa ikapandishwa ya Tanganyika, ya kijani, nyeusi na dhahabu. Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth, alikuwepo kwa niaba ya mkewe. Usiku huo huo Luteni Alexander Nyirenda alikuwa juu kabisa ya Kilimanjaro na Mwenge na bendera, kwenye kilele ambacho Wajerumani walikiita kwa jina la Kaisari wao na sisi tukakiita Uhuru. Mwaka mmoja baadaye, tarehe hiyo hiyo ya 1962, tukawa Jamhuri na Mwalimu akawa Rais.

Hayo mnayajua. Msilolijua pengine ni kwamba tarehe yenyewe haikuwa hiyo. Kwenye mkutano wa katiba uliofanyika Dar es Salaam Machi 1961, waziri wa makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alikubaliana na kina Mwalimu kwamba uhuru uwe tarehe 28 Desemba. Baadaye ikavutwa karibu ikawa 9. Yaani isingekuwa mabadiliko hayo tungekuwa tunasherehekea Uhuru tukiwa bado tunamalizia pilau la Krismasi, na mimi nisingekuwa na makala ya kuandika leo!

Mwalimu miaka ya baadaye alikuwa akikumbusha kuwa Waingereza walipoondoka walituachia madaktari 12 na wahandisi wawili. Nchi nzima, jamani. Hapa ninapofanya kazi, raundi ya asubuhi tu inaweza kuwa na madaktari sita wamezunguka kitanda kimoja. Ndiyo maana chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilianzishwa haraka, mwaka 1963, na ndiyo maana kila hotuba ya enzi hizo ilikuwa na wale maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini. Sisi tuliozaliwa baadaye tuliimbishwa mpaka tukachoka. Lakini ukiwa na madaktari 12 kwa nchi yenye watu milioni kadhaa, maradhi si msemo wa hotuba, ni adui kweli.

Na adui mwenyewe ana kawaida ya kurudi. Wengi wenu mnakumbuka Desemba 2015, kipindupindu kilipokuwa kimeshika nchi. Hayati Rais Magufuli, akiwa na mwezi mmoja tu Ikulu, alifuta sherehe na gwaride, akasema Uhuru mwaka huo tutausherehekea kwa kufanya usafi. Yeye mwenyewe alionekana anaokota taka mitaa ya karibu na Feri. Kuna waliocheka na kuna waliosema anaidhalilisha siku. Mimi kama nesi nilifurahi. Kipindupindu kinaenea kwa kinyesi kufika kwenye maji na chakula, hakikomi kwa gwaride hata ndege za kivita zipite mara ngapi.

Sasa shikeni hapa. Miaka 18 kamili baada ya usiku ule wa Uwanja wa Taifa, Jumapili tarehe 9 Desemba 1979, mjini Geneva, Uswisi, wataalamu kutoka nchi mbalimbali chini ya uenyekiti wa Frank Fenner wa Australia walitia saini karatasi moja inayosema kwamba ndui imetokomezwa duniani. Mkutano Mkuu wa Afya wa WHO ulikuja kutangaza rasmi tarehe 8 Mei 1980, lakini saini ni za siku yetu. Hadi leo ndui ndiyo maradhi pekee ya binadamu yaliyofutwa kabisa juu ya uso wa dunia.

Vijana hawawezi kuelewa ndui ilikuwa nini, na kutoelewa kwao ndio ushindi wenyewe. Katika kila watu kumi walioshikwa na ile kali, watatu walikufa. Waliopona walibaki na makovu usoni, wengine vipofu. Dawa ya kuitibu haikuwepo. Wataalamu wanakadiria kwamba katika karne ya 20 peke yake iliua watu wapatao milioni 300. Mwaka 1967, WHO ilipoanza kampeni kali chini ya Mmarekani D. A. Henderson, watu zaidi ya milioni kumi walikuwa bado wanaugua kila mwaka.

Wameishindaje? Si kwa mashine za ajabu. Chanjo yenyewe ilikuwa ya zamani, tangu Edward Jenner mwaka 1796, huko Gloucestershire, si mbali sana na hapa nilipo. Vilivyoleta tofauti ni vitu vidogo. Kwanza chanjo ilikaushwa ikawa unga, kwa hiyo haikuharibika kwa joto la kwetu. Pili ikaja sindano yenye ncha mbili kama uma mdogo, unaichovya, unamdunga mtu mara 15 haraka haraka juu ya mkono, basi. Mtu asiyejua kusoma aliweza kufundishwa kuitumia kwa muda mfupi sana. Tatu ni akili. Daktari William Foege, akiwa Nigeria mwaka 1966 na chanjo isiyowatosha watu wote, aliamua kumtafuta mgonjwa alipo na kuwachanja waliomzunguka, kama vile mnavyokata nyasi kuuzunguka moto wa porini ili usipate pa kwenda. Ikafanya kazi. Tangu hapo kampeni ikawa ya kutafuta mgonjwa mmoja mmoja, kijiji kwa kijiji, kwa miguu, kwa ngamia na kwa Landrover.

Na mgonjwa wa mwisho kuipata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu. Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia. Oktoba 1977 gari lilifika pale hospitali likiwa na watoto wawili wenye ndui, dereva anauliza njia ya kambi ya karantini. Maalin akapanda awaelekeze. Safari ya dakika chache tu. Mmoja wa wale watoto, msichana mdogo, alifariki. Baada ya siku kadhaa Maalin akaanza homa, wakamtibu malaria. Ukatoka upele, wakasema tetekuwanga, wakamrudisha nyumbani. (Manesi wenzangu mnaosoma, hapa tucheke kidogo kwa uchungu, maana malaria ndiyo jibu la kwanza la kila homa kwetu.) Aliyetoa taarifa kuwa hii ni ndui alikuwa nesi wa kiume wa hospitali ile ile. Watu zaidi ya 50,000 walichanjwa kwa muda wa wiki mbili, waliokuwa karibu naye wakafuatiliwa mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeugua. Ikaishia hapo.

Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba Maalin alikuwa mtu wa hospitali, na hata kazi ya kuchanja wengine aliwahi kuifanya. Yeye mwenyewe alikuwa ameikwepa chanjo kwa sababu aliona inauma. Alieleza hivyo hadharani uzeeni, bila kujificha, kwa sababu kuanzia miaka ya 2000 alijitolea kuzunguka Somalia akiwahimiza akina mama wapeleke watoto chanjo ya polio. Akifika kwa waliokataa, anawahadithia yaliyompata. Polio iliporudi Somalia mwaka 2013 akarudi kazini, na ni katika kampeni hiyo alipougua akafa, Julai 2013. Kilichomuua ni malaria. Ile ile aliyosingiziwa mara ya kwanza.

Vitabu vingine vinaishia kwa Maalin, lakini mji huu ninaoishi una sura yake chungu. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1978, Janet Parker, mpiga picha wa chuo cha udaktari hapa Birmingham, aliugua. Ofisi yake ilikuwa ghorofa moja juu ya maabara iliyokuwa inahifadhi virusi vya ndui kwa utafiti. Naye kwanza walidhani ni jambo lingine. Akapelekwa hospitali ya kutenga wagonjwa, Catherine-de-Barnes, nje kidogo ya mji, na akafariki tarehe 11 Septemba 1978, mtu wa mwisho duniani kuuawa na ndui. Baba yake alikufa kwa moyo akiwa karantini. Mama yake aliugua akapona. Profesa Henry Bedson, mkuu wa ile maabara, alijiua. Wazee wa hapa bado wanakumbuka watu walivyopanga foleni za kuchanjwa. Baada ya hapo maabara nyingi duniani ziliharibu virusi vyao au kuvikabidhi, na leo rasmi vimebaki sehemu mbili tu, Atlanta kule Marekani na Koltsovo kule Urusi.

Nimeirefusha ndui kwa makusudi. Mwaka huu peke yake nimetumiwa na watu wa nyumbani, tena ninaowaheshimu sana, jumbe kama saba kwenye WhatsApp zinazosema chanjo ni mpango wa kutupunguza. Mama mkubwa mmoja aliniambia kwa simu, "Mwanangu, hao Wazungu walishawahi kuwafanyia watu majaribio kama panya, wewe nesi unabishaje?" Sikubisha. Mama mkubwa ana haki kabisa, walifanya. Na kesi yake, mtaniamini au hamtaniamini, ilianza kusikilizwa tarehe hiyo hiyo.

Jumatatu tarehe 9 Desemba 1946, mjini Nuremberg, Ujerumani, mbele ya majaji wa Kimarekani, walisimamishwa kizimbani watu 23. Ishirini kati yao walikuwa madaktari. Hii ndiyo inaitwa Kesi ya Madaktari. Mwendesha mashtaka Telford Taylor alisimama siku hiyo akaanza kueleza walichokifanya kwenye kambi za wafungwa wakati wa vita: kuwatumbukiza watu kwenye maji ya barafu wahesabu dakika za kufa, kuwafungia kwenye chumba kinachovutwa hewa ili wajue rubani anakufaje juu angani, kuwaambukiza malaria na homa za chawa makusudi.

Mimi kinachonikaa kooni ni cha Ravensbrück, kambi ya wanawake. Wanawake wa Kipolandi wapatao 74, wengine wanafunzi wasichana kabisa, walipasuliwa miguu, vidonda vikawekwa bakteria, vipande vya mbao na vya kioo, ili madaktari wajaribu dawa za salfa kwa ajili ya askari wao. Wenzao kambini waliwaita "sungura". Na hawakukaa kimya, wakaandika barua nyumbani ambazo juu juu zilikuwa za kawaida, lakini kati ya mistari waliandika kwa mkojo, ambao unaonekana ukipasha karatasi moto. Hivyo ndivyo dunia ilivyoanza kupata majina yao. Wanne kati yao walisafiri hadi Nuremberg wakaonyesha miguu yao mahakamani.

Agosti 1947 hukumu ikatoka. Kumi na sita walipatikana na hatia, saba kati yao wakanyongwa Juni 1948. Mwanamke pekee kizimbani alikuwa daktari Herta Oberheuser wa huko huko Ravensbrück. Alipewa miaka 20, akatoka 1952, na msishangae, akafungua kliniki kijijini akawa anatibu watu kama kawaida, mpaka mmoja wa waliopitia kambi ile alipomtambua. Walimnyang'anya leseni mwaka 1958.

Ndani ya hukumu ile majaji waliandika mambo kumi ambayo daktari lazima ayafuate anapofanya utafiti kwa binadamu, na la kwanza kabisa ni kuwa mtu mwenyewe akubali kwa hiari yake, akijua anachokikubali. Kila ninapompa mgonjwa fomu ya ridhaa nikamwambia anaweza kukataa hata kama ameshasaini, maneno hayo ukoo wake ni Nuremberg. Hata Jenner wetu wa chanjo, yule wa 1796, alimjaribia mtoto wa mtunza bustani mwenye miaka minane. Bahati ikawa upande wa mtoto. Leo hakuna kamati ya maadili ingemruhusu.

Lakini mama mkubwa angeniuliza, je, waliacha? Hawakuacha wote, na waliovunja mapema kabisa ni Wamarekani wenyewe walioandika hukumu. Pale Alabama, tangu 1932, serikali yao ilikuwa inafuatilia wanaume weusi maskini wenye kaswende, karibu 400, kuona ugonjwa unawafanya nini mpaka kaburini, bila kuwaambia wana nini hasa. Penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida ya kaswende, mwaka ule ule wa 1947, hawakupewa. Iliendelea hadi 1972 gazeti lilipofichua. Na aliyekuwa anawafuata majumbani, anawapakia kwenye gari lake kuwapeleka kupimwa, anayewapa moyo, alikuwa nesi mweusi, Eunice Rivers. Walimpenda. Walimwamini kwa sababu alikuwa mwenzao. Nilisoma habari zake nikiwa chuo na hazijanitoka, kwa sababu nami watu wangu wananiamini kwa sababu ni wao.

Kwa hiyo wasiwasi wa mama mkubwa si ujinga, na nesi anayemcheka mtu mwenye wasiwasi wa chanjo hajasoma historia ya kazi yake. Hata katika ndui, kule India na Bangladesh miaka ya 1970 wapo waliovunjiwa milango usiku wakachanjwa kwa nguvu. Mimi hilo silitetei. Ila naomba mtazame tofauti. Kule Ravensbrück na Alabama mambo yalifanywa gizani, kwa wafungwa na maskini, na aliyefaidika si aliyedungwa. Chanjo anayopewa mtoto wa Tandika ni ile ile ninayowadunga watoto wa Kiingereza hapa, na wangu mwenyewe nimemdunga. Ya ndui walichanjwa matajiri na maskini, Wazungu na sisi, na matokeo yake ni kuwa leo hakuna mtoto popote anayeihitaji. Hilo kovu la begani ambalo wengi wenu mnalo ni la BCG ya kifua kikuu. La ndui wanalo wazee tu, kwa sababu kazi yake imekwisha.

Shangazi zangu na dada zangu mnaonisoma, chanjo ya HPV kwa mabinti imeanza nchi nzima tangu 2018, na ni ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kati ya saratani za wanawake kwetu. Ulizeni maswali yote mnayotaka pale kituoni. Ulizeni ni ya nini, inatoka wapi, ina madhara gani. Nesi akikasirika, mwambieni kuuliza ni haki yenu tangu 1947.

Haya, tuendelee. Alhamisi tarehe 9 Desemba 1948, miaka miwili kamili baada ya kesi ile kufunguliwa, Umoja wa Mataifa ulikutana Paris ukapitisha Mkataba wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari. (Tamko la Haki za Binadamu ambalo kila mtu analijua lilipitishwa kesho yake, tarehe 10.) Neno lenyewe kwa lugha za Ulaya halikuwepo mpaka Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland, alipolitunga kwenye kitabu chake cha 1944. Ndugu zake 49 waliuawa na Wanazi. Alizunguka kwenye kumbi za Umoja wa Mataifa akiwabembeleza mabalozi mmoja mmoja hadi wakachoka naye, na alikufa New York mwaka 1959, maskini, na maziko yake yalihudhuriwa na watu wachache.

Mkataba ukawepo kwenye karatasi. Sasa rukeni hadi Jumatano tarehe 9 Desemba 1992. Alfajiri ya siku hiyo wanamaji wa Marekani walitua ufukweni Mogadishu kulinda chakula cha msaada, Somalia ikiwa na njaa na vita. Walifika kwa siri na nyuso zimepakwa rangi, kumbe pale mchangani waandishi wa televisheni walikuwa wameshatangulia wanawasubiri na taa zao! Picha zile zilikuwa kichekesho. Yaliyofuata hayakuwa. Oktoba 1993 askari 18 wa Marekani waliuawa Mogadishu kwenye mapigano yaliyoua Wasomali mamia, na Marekani ikaapa moyoni kutoingia tena vita vya Afrika.

Miezi sita baadaye ikawa Rwanda. Aprili 1994, watu wanauawa kwa mapanga, na Baraza la Usalama likapunguza askari wake wa kulinda amani hadi 270. Wasemaji wa serikali ya Marekani walizungukazunguka ili wasilitamke lile neno la Lemkin, maana ukilitamka, Mkataba wa 9 Desemba unakudai kufanya kitu. Kwa muda wa siku mia moja hivi waliuawa watu kati ya 800,000 na milioni moja. Watu wa Kagera hamhitaji kuhadithiwa, mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja, ikazaliwa kambi ya Benaco.

Mahali ambapo Mkataba ule hatimaye ulitumika kumhukumu mtu mbele ya mahakama ya kimataifa, kwa mara ya kwanza katika historia, ni kwetu. Arusha, tarehe 2 Septemba 1998. Mtuhumiwa alikuwa Jean-Paul Akayesu, aliyewahi kuwa mwalimu kisha meya wa Taba, Rwanda. Mwanzoni hati ya mashtaka haikuwa na ubakaji hata mstari mmoja. Wanawake waliokuja kutoa ushahidi ndio waliosema kilichowapata, jaji pekee mwanamke, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, akawauliza zaidi, na mwaka 1997 mashtaka yakaongezwa. Hukumu ile ikawa ya kwanza kusema kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Sheria hiyo inanukuliwa dunia nzima, na imetoka pale AICC mnapopita kila siku kwenda sokoni. Tangu 2015 Umoja wa Mataifa umeifanya tarehe 9 Desemba kuwa siku ya kuwakumbuka waliouawa hivyo.

Yapo na mengine madogo. Tarehe 9 Desemba 1917 Waturuki waliposhindwa, meya wa Jerusalem alitoka nje ya mji kuusalimisha kwa Waingereza, akiwa na bendera nyeupe iliyotokana na shuka la kitanda cha hospitali. Watu wa kwanza aliowakuta walikuwa askari wa vyeo vya chini, wasiojua wafanye nini na mji mtakatifu waliokabidhiwa asubuhi asubuhi! Ikabidi meya arudie kujisalimisha mara kadhaa mpaka akapatikana mkubwa wa kumpokea. Shuka lile bado lipo, kwenye jumba la makumbusho ya vita London. Na tarehe 9 Desemba 1968, San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha watu kwa mara ya kwanza hadharani ile "mausi" ya kompyuta, na kuongea na mtu aliye mbali huku mnaonana kwenye kioo. Bila hiyo mngekuwa mnanisoma kwa barua ya stempu, na mama angekuwa hanioni kila Jumapili na kuniambia nimekonda.

Sasa naomba msaada wenu. Walioko karibu na wazee wenye kovu la ndui, waulizeni walichanjwa mwaka gani, wapi, na nani alikuja kuwachanja, kisha mniandikie hapa chini. Bibi yangu mzaa baba alikuwa nalo, kubwa kama sumni, na alikuwa anasema waliokuja kijijini walikuja kwa baiskeli. Wacha niishie hapo, zamu yangu ya usiku inaanza baada ya saa moja na basi halinisubiri.